Jinsi ya kujua nini kimepangwa kujengwa mtaani kwako: mwongozo kutoka steshenari ya Buswelu

Nina steshenari Buswelu, Mwanza, jirani na ofisi za Manispaa ya Ilemela. Natoa fotokopi, nachapa barua, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni, nauza bahasha za kaki. Kwa kazi hiyo, karatasi za ardhi za kila namna zimelala juu ya kioo cha mashine yangu: ofa (barua za kumilikishwa kiwanja) za zamani zilizochanika kwenye mikunjo, hati zenye laminesheni, mikataba ya kuuziana iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, ramani, barua za pingamizi. Si mwanasheria wala si seveya, yaani mpima ardhi. Ila ukikaa miaka mahali watu wanapopita wakiwa na bahasha mkononi, unajifunza bahasha gani itapata jibu.

Ninachokiona kila wiki ni hiki. Mnunuzi anahangaika kujua kama muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Sawa, ahangaike, ni lazima. Akishathibitisha, anatoa hela. Hajauliza kiwanja chenyewe kimepangiwa matumizi gani, wala ile nafasi iliyo wazi mbele yake, anayoisifia kwa upepo wa ziwa, imeandikwa nini kwenye mchoro. Anajenga, anahamia, anaweka maua. Halafu siku moja anakuja kwangu kuchapa barua ya kulalamikia ukumbi wa sherehe unaoinuliwa pale mbele. Umiliki wake hauna doa lolote. Tatizo ni kwamba ile nafasi ilikuwa imeandikwa "biashara" kabla hata yeye hajalijua hilo eneo.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia sana kiwanja ni cha nani. Nitazungumzia kimepangwa nini, juu yake na kando yake, na wapi pa kwenda kuuliza.

Jua kwanza uko halmashauri gani

Mwanza ya mdomoni ni moja, Mwanza ya kwenye makabati ya mafaili ni kadhaa. Halmashauri ya Jiji la Mwanza ndiyo wilaya ya Nyamagana: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, Igoma, Luchelele na kwingineko upande huo. Manispaa ya Ilemela ilianzishwa 2012 na inashika Kirumba, Pasiansi, Nyakato, Kiseke, Buswelu, Bugogwa, Sangabuye hadi Kayenze. Ukivuka Igoma ukafika Kisesa, uko Magu. Ukipita Buhongwa ukafika Usagara, uko Misungwi. Dalali atakuambia kote huko ni "Mwanza mjini", na kwa nauli ya daladala hajakosea sana, lakini afisa mipango miji wa Jiji hana mchoro wa Usagara.

Ukiwa upande wa Ilemela na karatasi yako ni ya kabla ya 2012, usishangae kuona imeandikwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Haina maana ni feki. Ina maana kumbukumbu zake zilianzia Jiji, na ukiuliza Ilemela wasilione jalada, uliza kwa adabu kama lilihamishwa au bado linatafutwa upande wa pili.

Ofisi ya mtaa: nenda, lakini ujue umefuata nini

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Pale kuna watu wawili tofauti na wageni wengi huwachanganya. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi. Waliopo sasa walipatikana katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na ndiye mtunza karatasi. Ukitaka historia, kaa na mwenyekiti au mzee wa mtaa, umwamkie vizuri, umwache aongee. Atakuambia kiwanja unachokitaka kilikuwa mkondo wa maji ya mvua kutoka mlimani, au kwamba wenye mashamba ya awali hawajamaliza kugombana. Hayo hayapo kwenye mchoro wowote.

Ukitaka maandishi, muulize mtendaji mambo matatu. Kuna urasimishaji wowote (kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango) unaoendelea hapa, na mchoro wake ulishaonyeshwa wananchi? Kuna mradi wowote uliowahi kutambulishwa kwenye mkutano wa wakazi, kama barabara, bomba, soko au shule? Kuna tangazo la maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja lililobandikwa hivi karibuni? Kisha tazama ubao wa matangazo mwenyewe, karatasi moja moja, hata zile zilizofunikwa na matangazo ya chanjo na mnada.

Muhuri wa mtaa kwenye mkataba wa kuuziana unashuhudia kwamba mmeuziana mbele ya watu. Hauwezi kuligeuza eneo la wazi kuwa makazi. Nimechapa mikataba mingi yenye mihuri mizuri ya bluu juu ya ardhi ambayo kwenye mchoro ni uwanja wa shule.

Kwenye dawati la mipango miji

Hapa ndipo kiini cha safari kilipo, na hapa ndipo watu hufika mikono mitupu. Ukisema "nataka kujua kuhusu kiwanja changu kule Kiseke", afisa hana pa kuanzia. Njoo na namba ya kiwanja, herufi ya kitalu na jina la eneo, vyote vitatu. Namba 112 Kitalu A na namba 112 Kitalu D ni viwanja viwili vyenye hatima mbili. Kama eneo halijapimwa, mtafute seveya achukue koodineti za pembe, au angalau uwe na alama zisizohama: shule, kanisa, makutano ya barabara, jiwe kubwa lenye jina. Kwetu mawe yenye majina hayapungui.

Kisha omba kitu mahususi. Useme: "Naomba kuona mchoro wa mipango miji uliopitishwa wa kitalu hiki, na kama kuna marekebisho yake ya baadaye." Watu wengi hapa huuita TP, kwa hiyo ukisema TP utaeleweka upesi zaidi. Neno "uliopitishwa" usilimeze. Michoro ya mapendekezo huzunguka mjini kama halali, na madalali huipenda kwa sababu huwa na barabara pana na bustani. Mchoro uliopitishwa una namba yake, una tarehe, una saini za mamlaka. Tazama kona ya chini kabla hujatazama kiwanja chako.

Ukishauhakikisha, usiende moja kwa moja kwenye namba yako. Anza na ufunguo wa mchoro, uone kila rangi na kila alama ina maana gani. Usikisie rangi kwa mazoea. Halafu tafuta kiwanja chako na usome matumizi: makazi pekee, makazi na biashara, biashara, taasisi, viwanda vidogo, eneo la wazi. Sasa fanya lile ambalo karibu hakuna anayelifanya, zungusha kidole viwanja vyote vinavyogusana na chako, kisha vile vya ng'ambo ya barabara. Andika matumizi ya kila kimoja kwenye daftari. Pima upana wa barabara kwa skeli iliyoandikwa. Njia unayoiona leo ikiwa na upana wa bajaji mbili inaweza kuwa imechorwa mita 15 au 20, na ukuta wa jirani, au wako, umekaa ndani yake. Angalia pia mstari wa njia ya maji. Jiji hili limelala kati ya vilima na ziwa; maji ya Machi na Aprili yana njia zake na hayaulizi hati.

Ukitoka hapo nenda kwenye eneo lenyewe na daftari lako. Kama mchoro unasema eneo la wazi na wewe unaona nyumba tatu na gereji, una habari ambayo muuzaji hakukupa. Inaweza kuwa uvamizi ambao siku moja utaondolewa, inaweza kuwa matumizi yalishabadilishwa. Rudi uulize lipi kati ya hayo.

Mchoro wa mipango miji si ramani ya upimaji. Wa kwanza unasema nini kiwe wapi. Ya pili, iliyotoka kwa seveya na kupitishwa, inasema mipaka iko wapi hasa, bikoni (mawe ya mipaka) ngapi, koodineti (namba za mahali pembe zilipo) zipi. Eneo linaweza kuwa na mchoro miaka mingi bila kupimwa, na hapo ndipo utasikia "hati inakuja" hadi watoto wamalize sekondari.

Kuhusu koodineti, kuna jambo linalowatoa watu jasho bure. Koodineti za kwetu Mwanza kwenye ramani za upimaji huandikwa kwa mita: ya mashariki ina tarakimu sita na huanza na 4 au 5, ya kaskazini ina tarakimu saba na huanza na 97. Mtu anaziingiza kwenye simu kupitia programu ya ramani, pini inatua mbali na kiwanja, anakuja kwangu akitetemeka kwamba ametapeliwa. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zimepimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na simu inatumia mfumo wa WGS84. Ukichukua namba za mfumo wa kwanza ukazisoma kwa wa pili bila kuzibadili, unakosea kwa takriban mita 300. Mwulize seveya ramani yako iko kwenye mfumo gani na azibadili. Kwa anayejua ni kazi ya muda mfupi. Kijana mmoja aliniambia kiwanja chake kiko ndani ya maji. Seveya alipozibadili koodineti zile, kiwanja kikarudi nchi kavu, salama kabisa.

Juu ya michoro ya vitalu kuna mpango kabambe. Wa Mwanza ni wa 2015 hadi 2035, na unalichukua Jiji pamoja na Ilemela. Huo hautakuambia habari za kiwanja kimoja, lakini utakuonyesha barabara kubwa zinazotarajiwa, maeneo ya viwanda, vituo vidogo vya mji vinavyokusudiwa kukua. Kama unanunua mahali ambapo leo ni mihogo na mawe, utazame. Ukiwa mpangaji tu wa nyumba mjini, wala usijisumbue nao.

Jirani anapotaka kubadilisha matumizi

Tuseme umeshakaa. Siku moja unaona kibao kimesimikwa kwenye kiwanja cha jirani, au mtu anakutumia picha ya tangazo la gazetini: mmiliki anaomba kubadilisha matumizi kutoka makazi kwenda biashara, kituo cha mafuta, nyumba ya wageni, ukumbi. Wengi husoma, huguna, huendelea na safari. Kumbe hilo ndilo dirisha lako la kuongea kwa maandishi, na lina tarehe ya mwisho. Piga picha kibao chote, kisomeke, na tarehe ionekane.

Maombi kama haya hupitia kwa maafisa wa ardhi na mipango miji, na kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Diwani wako anaweza kukuambia kamati inakaa lini, na kama hayumo, anawajua waliomo. Baraza lenyewe la madiwani hukutana kwa kawaida kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Nenda hata mara moja. Utashangaa mambo mangapi ya mtaani kwako husemwa pale mchana kweupe, hakuna aliyeficha, ila hakuna aliyekwenda.

Barua ya pingamizi ninayoichapa mara nyingi huja ikiwa na maneno ya hasira: jirani ana majivuno, hela zake hatujui zimetoka wapi, hatumtaki. Nawaambia tufute. Afisa hana safu ya kuandika majivuno. Andika yanayohusu ardhi. Barabara iliyochorwa ni ya mita ngapi na magari ya mafuta yatageukia wapi. Maji machafu yataelekea wapi ikiwa hapajafika bomba la majitaka. Shule au zahanati iko umbali gani. Mchoro wa sasa unaruhusu nini, namba yake ni hii, tarehe yake ni hii. Muziki wa usiku utasikika nyumba zipi. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya mchoro na majina ya kaya zilizosaini ina uzito kuliko kurasa tano za malalamiko.

Kwa kituo cha mafuta, ujue kwamba kubadilisha matumizi ni mlango mmoja tu. Kuna tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, kuna kibali cha ujenzi wa kituo kutoka EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kuna Zimamoto, kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri. Katika tathmini ya mazingira majirani hutakiwa kushirikishwa, na watu huja na fomu za mahudhurio. Usisaini karatasi ya mahudhurio ambayo juu yake pako wazi. Soma kichwa cha karatasi, andika maoni yako karibu na jina lako, piga picha.

Jengo likiwa tayari linapanda, tafuta bango la mradi: mwenye mradi, mkandarasi, mshauri. Nenda nalo halmashauri uulize kama kibali cha ujenzi kipo na ni cha jengo la aina gani, ghorofa ngapi. Siku hizi vibali na viwanja vya halmashauri vinapita kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, kwa hiyo jibu la "faili limepotea" limepungua nguvu.

Miradi ya serikali yenyewe ina dalili zake za mapema. Soma bajeti ya halmashauri na taarifa za miradi zinazowekwa kwenye tovuti na mbao. Tazama matangazo ya zabuni; tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia mfumo wa NeST. Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo hazikuchipuka usiku mmoja. Mradi wa ukubwa ule huacha nyayo kwenye bajeti na zabuni muda mrefu kabla greda halijafika, na mwenye kusoma huziona.

Ukingo wa ziwa

Viwanja vya ufukweni ndivyo vinavyonunuliwa kwa moyo kuliko kichwa. Mtu anapelekwa Luchelele au Kayenze jioni, jua linazama, samaki anachomwa, mkataba unasainiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hali kadhalika kingo za mito. Mita 60 si kidogo. Tembea kutoka majini hatua kubwa themanini hivi, kisha geuka uone kiwanja chako kimebaki kiasi gani. Nimeona ramani za viwanja ambavyo ukiondoa mita hizo kinabaki choo na mwembe.

Wauzaji wana jibu: "Mbona hoteli ile iko majini?" Hoteli ile ina karatasi zake au haina, na hazikuhusu wewe. Uliza kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa hapa Mwanza, na uulize NEMC kanda. Uliza kwa maandishi, ukitaja kiwanja.

Na ukingo wenyewe hautulii. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko ilivyozoeleka, na 2024 likapanda tena likavunja rekodi. Mialo, bustani na vibanda vilivyokuwa nchi kavu vikaingia maji. Ukipelekwa kuona kiwanja wakati ziwa limeshuka, muulize mvuvi, si dalali: "Mwaka 2024 maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole, na kidole hicho pima nacho. Picha za satelaiti za miaka iliyopita zipo bure kwenye Google Earth, unaweza kurudisha mwaka nyuma ukaona mwenyewe. Kwa wa mjini, msisahau Mto Mirongo. Ni mdogo mpaka siku unapojaa.

Barabara, reli, ndege, vilima

Kwa barabara kuu na za mkoa uliza TANROADS, kwa za mitaa uliza TARURA. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za awali. Ndiyo maana kuna X za rangi mbili ukutani. Nyekundu inamaanisha jengo lilikuta hifadhi na halina fidia; kijani inamaanisha sheria ndiyo iliyolifuata jengo, kwa hiyo mwenyewe anastahili fidia. Ukuta uliopakwa rangi mpya kando ya barabara kuu, ukuta huo peke yake nyumba nzima ikiwa imechakaa, ukune kidogo kwa ukucha.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ni kilomita 341 na inapita Misungwi, Fela wanaijua vizuri. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, bei za viwanja vya njia ile zilianza kutajwa kwa kujiamini mno. Ukinunua pande hizo uliza mipaka ya hifadhi ya reli na barabara kabla ya kuuliza bei. Pande za uwanja wa ndege, kuanzia Ilemela kuelekea Shibula, uliza mipaka ya uwanja na pia urefu wa jengo unaoruhusiwa, kwa kuwa ndege zinahitaji anga wazi.

Vilimani, kama Mabatini, Igogo na Kitangiri, nyumba nyingi zilijengwa kabla ya mpango na mpango ukazifuata kwa urasimishaji. Huko swali kubwa ni njia: mchoro wa urasimishaji umeacha upana gani kwa watu, maji na gari la zimamoto, na ni ukuta wa nani umekubali kusogea.

Upekuzi wa hati

Hili nalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua. Kiwanja chenye hati kinafanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa. Utaona jina la mmiliki, rehani kama ipo, zuio kama lipo. Uliza pia deni la kodi ya pango la ardhi na kama masharti ya uendelezaji yametimizwa, maana hati nyingi huja na sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Malipo yote ni kwa kontroo namba na risiti. Anayekuambia "nipe mkononi nikuharakishie" hajakuharakishia chochote zaidi ya hela yako.

Kwa Usagara, Kisesa na vijiji vingine, uliza kwanza kama eneo bado ni ardhi ya kijiji au limeshatangazwa kuwa eneo la mipango miji. Kama ni kijiji, utafute mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali ardhi hiyo itoke. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji peke yake usikutoshe, na fotokopi bila kuiona ya asili usiikubali. Nasema hivi mimi ninayeishi kwa fotokopi. Ukifika asubuhi anza na "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kabla ya maswali. Mgeni anayeanza na ramani hupewa kiti kibovu.

Usipopewa jibu

Maswali ya mdomo huleta majibu ya mdomo. Mkizungushana, andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Ninayoichapa mimi iko hivi:

"Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Yah: Maombi ya taarifa za mipango miji, Kiwanja Na. …, Kitalu …, eneo la …. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa mtaa wa …. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (1) nakala ya mchoro wa mipango miji uliopitishwa unaohusu kiwanja tajwa na viwanja vinavyopakana nacho, (2) taarifa ya mabadiliko yoyote ya matumizi yaliyoombwa au kuidhinishwa katika viwanja hivyo, (3) upana wa barabara na njia za maji zilizopangwa. Niko tayari kulipia gharama za nakala kwa utaratibu wa Serikali."

Weka jina, saini, namba ya simu na tarehe. Toa nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, na usiondoke dirishani kabla hujauona huo muhuri umekauka kwenye nakala yako. Siku ya thelathini na moja rudi na nakala hiyo, si na hadithi. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa nayo unaweza kuipeleka kwa mkuu wa taasisi aipitie upya. Na kama kilicho mbele yako ni mgogoro wenyewe, jirani ameshapanda ukuta juu ya njia, karatasi hizo hizo ndizo wakili atakazokuuliza kabla ya kukupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kwa hiyo usitegemee hukumu pale.